Rodi ya karpi ya bei ya kati kwa mvuvi wa Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimevua kwa rodi, yaani fimbo ya kuvulia, kwenye ghuba ya Tanga kwa miaka kadhaa, na hii ya karpi ndiyo niliyoitumia zaidi. Kila nikiisimamisha pale Raskazone, mtu husogea akaniuliza, na maswali karibu ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, na majibu ni ya mtu aliyeishika, akaipima na akawahi kuvunja moja.

Karpi ni samaki gani? Tanga wapo?

Karpi ni samaki wa maji baridi, wa ukoo mmoja na ningu na kuyu wa maziwa yetu. Asili yake ni Ulaya na Asia. Kwa majirani zetu Kenya yupo Ziwa Naivasha, na Afrika Kusini watu humvua kwa mapenzi makubwa. Baharini hayupo, kwa hiyo usije Raskazone kumtafuta.

Tunachokitaka sisi ni rodi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Karpi ni mzito na hukimbia mbali, na mdomo wake ni laini. Wavuvi wa Uingereza walihitaji fimbo ya kurusha mbali chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha chambo, yenye nguvu ya kumchosha samaki mkubwa, na yenye ulaini wa kutosha ili ndoana isimpasue mdomo. Mwaka 1952 Richard Walker alimvua karpi wa ratili 44, yaani kilo 20, katika bwawa la Redmire. Rodi yake aliitengeneza mwenyewe kwa vipande vya mwanzi vilivyogundishwa. Tangu hapo mwanzi ulipisha faiba, na faiba ikapisha kaboni, lakini kazi ya fimbo haijabadilika. Kazi hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka mtu anapovua changu au kolekole kutoka ukuta wa bahari.

Kwa nini usinunue rodi ya baharini moja kwa moja?

Kama unavua kwenye mawimbi makubwa au mkondo mkali, nunua ya baharini. Rodi za ufukweni hurusha wakia 4 hadi 6, karibu gramu 113 hadi 170, na hapo rodi ya karpi haifui dafu.

Lakini ghuba yetu imejificha. Ukisimama Raskazone maji yakijaa taratibu, au ukiwa pembezoni mwa mikoko siku za maji mafu, chubwi ya gramu 80 inakaa chini vizuri. Rodi nzito ya baharini hapo inakuwa kama mti. Changu wa nusu kilo akigusa chambo husikii kitu, na akinasa humwoni akipigana. Ya karpi inakuambia kila kitu mkononi. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo huiburuta chubwi nyepesi mpaka kwenye mawe. Siku hizo mimi huchagua saa ya maji kusimama, au naiacha rodi nyumbani.

Juu ya mpini imeandikwa "12 ft, 2.75 lb". Maana yake nini?

Ya kwanza ni urefu, futi 12, yaani mita 3.66. Ya pili ndiyo inayowachanganya wengi. Wengine hudhani ni uzito wa rodi, wengine hudhani ni samaki mkubwa inayoweza kumbeba. Vyote viwili si kweli.

Hicho ni kipimo cha mpindo. Ukiushika mpini ukalala sawa na ardhi, ni uzito kiasi gani unaohitajika kuivuta ncha mpaka ielekee chini wima, yaani ifanye pembe mraba na mpini? Ratili 2.75 ni kilo moja na robo. Ratili 3 ni kilo 1.36, na 3.5 ni karibu kilo 1.6. Namba ikipanda, rodi ni ngumu zaidi.

Kuna kanuni ya zamani inayosaidia: kila ratili ya mpindo ibebe wakia moja ya chubwi. Rodi ya ratili 3 hurusha vizuri wakia 3, gramu 85. Ya 2.75 hurusha gramu 78 hivi. Na chambo kinahesabiwa. Kipande cha ngisi cha gramu 30 juu ya chubwi ya gramu 85 ni gramu 115, na rodi haijali uzito umetoka wapi.

Nitajuaje kama namba iliyoandikwa ni ya kweli?

Pima mwenyewe. Hili ndilo jibu ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu wino hauna gharama, na kati ya rodi mbili zenye namba ile ile, moja inaweza kuwa laini na nyingine ngumu kama mpiko.

Maji ni mzani wa kila mtu, maana lita moja ni kilo moja. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, na kikombe cha kupimia cha jikoni. Nenda mahali penye roshani, au juu ya ukuta mrefu, kwa sababu ncha itashuka zaidi ya mita mbili. Funga mpini kwa kamba mbili kwenye kitu kisichotikisika, ulale sawa kabisa, na rodi yote itokeze nje. Kwenye pete ya ncha, kile kiduara cha kupitishia mshipi (uzi wa kuvulia), funga uzi laini, na chini yake ning'iniza chupa tupu. Kisha mtu mmoja aongeze maji, robo lita kwa robo lita, wewe ukiangalia kutoka pembeni.

Mwanzoni ncha peke yake inainama. Ukifika nusu lita, mpindo unaanza kushuka kwenye tumbo la rodi. Hapo kaa uangalie sana, kwa sababu tabia yote ya rodi imo humo. Rodi nzuri huchora upinde mmoja usio na kona, kama mnazi unaolemewa na kusi. Rodi mbaya hupinda, halafu pale kwenye kiungo inanyooka kama kijiti, kisha inapinda tena. Hiyo sehemu iliyonyooka haifanyi kazi, na mzigo wake wanaubeba majirani zake.

Yangu imeandikwa ratili 3. Ncha ilipoelekea chini wima, chupa ilikuwa na lita 1.2, na ukijumlisha chupa yenyewe inakuwa kilo moja na robo. Kwa hiyo ni rodi ya 2.75 iliyovaa namba ya 3. Sikuirudisha, kwa sababu upinde wake ni mzuri, lakini tangu siku hiyo sijairushia zaidi ya gramu 80, na inaruka mbali kuliko nilipokuwa nikiilazimisha 100.

Asiye na roshani aazime mzani wa kuning'iniza wa muuza samaki. Alaze rodi kwenye sakafu laini, abane mpini kati ya mawe mawili mazito, na aivute ncha kwa mzani mpaka pembe mraba. Asome namba. Ikifika pembe mraba, acha. Usiendelee kuvuta kutafuta itavunjika wapi.

Futi 10, 12 au 13?

12. Ya 10 inafaa ndani ya mikoko, pale huna nafasi ya kuizungusha nyuma. Ya 13 inatesa mabega na haiingii kwenye bajaji.

"Kaboni 1K", "3K", "tani 30": nilipie zaidi?

K ni hesabu ya nyuzi za kaboni katika kamba moja ya kufumia: 1K ni nyuzi 1,000, na 3K ni nyuzi 3,000. Ule ufumaji wa miraba unaouona, mara nyingi ni tabaka moja la juu. Unasaidia kidogo rodi isijikunje kwa pembeni, lakini kwa kiasi kikubwa ni pambo. Tani ni ugumu wa nyuzi. Nyuzi ngumu hufanya rodi nyembamba na nyepesi, ila haipendi kugongwa. Kwetu, ambako rodi inaegeshwa kwenye mawe ya matumbawe na kupandishwa dala dala, ningechagua kaboni ya kawaida yenye ukuta mnene. Pesa iliyobaki iende kwenye pete.

Pete zina shida gani? Si ni duara tu?

Pete ndizo zinazoua rodi za karpi baharini. Rodi hizi zilitengenezwa kwa maji baridi, na mtengenezaji wa bei ya kati huokoa pesa hapo kwanza.

Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni duara la ndani, lile linalogusa mshipi. Linatakiwa kuwa kauri. Chukua pamba ya dukani, nyofoa kiasi cha nyuzi chache, uipitishe polepole kuzunguka ndani ya kila pete, ukianzia ile kubwa ya milimita 40 au 50 mpaka ya ncha. Kauri nzima inaiachia pamba ipite. Yenye ufa inashika uzi mmoja mweupe, unabaki unapepea pale. Ufa huo huuoni kwa jicho, lakini mshipi unauona kila unapokunja rili, ile roda ya kukunjia mshipi, mpaka siku unakatika na samaki mkubwa yumo. Rodi yangu ilifika kutoka Uingereza na ufa wa namna hiyo kwenye pete ya tatu. Duka lililoiuza lilijibu kwamba ni uharibifu wa safarini na halihusiki. Nilikasirika, na bado naona hawakunitendea haki. Kwa hiyo namwambia kila mtu: kama ndugu yako ndiye anayekununulia huko, mwambie apitishe pamba mle mle dukani.

Cha pili ni miguu ya pete, pale chuma kinapoingia chini ya nyuzi na vanishi. Chumvi hupenya humo. Baada ya miezi miwili utaona doa la rangi ya chai likitambaa chini ya vanishi. Likishaonekana, kutu imeshaanza kula. Uliza kama fremu ni chuma kisichoshika kutu. Mkwaruze muuzaji kwa maswali, si pete kwa kisu.

Halafu funga vipande viwili vya rodi, ilete jichoni kama unayelenga, na utazame pete zote zimepangana. Moja ikienda kombo, mshipi utajisugua kila siku upande mmoja.

Kiti cha rili na kiungo?

Kiti cha rili kikaze kwa skrubu, rili isicheze hata unywele. Nyingi za bei ya kati zina kiti kizuri cha plastiki ngumu chenye kofia za chuma. Plastiki haina neno. Zile kofia ndizo huanza kuganda kwa chumvi, na nimeona rili ikishindikana kutoka baada ya wiki moja tu ya kutooshwa.

Kiungo cha vipande viwili kiwe na kizuizi kidogo unapokifunga, na kisigonge "ko" unapotikisa rodi. Kikilegea, pakaa nta ya mshumaa mweupe ndani. Kikizidi kulegea, usinunue. Mpini uliofunikwa na mpira mwembamba unaosinyaa unashikika vizuri ukiwa na mkono wa ute wa ngisi. Ule wa sponji unakunywa maji ya chumvi na kunuka.

Bei ya kati ni shilingi ngapi?

Huko Uingereza mimi huita bei ya kati kuanzia paundi 60 hadi 120, yaani kama laki mbili hadi laki nne, bila usafiri na ushuru. Chini ya hapo unapata kaboni iliyochanganywa na faiba nyingi, nzito mkononi. Si mbaya kwa mtoto anayejifunza. Juu ya hapo unalipia wepesi na mita kumi ishirini za kurusha, ambazo kwenye ghuba yetu huzihitaji. Samaki wengi ninaowapata hapa hawapo mita 100. Wapo mita 40, pale mchanga unapokutana na majani.

Itaweza samaki gani?

Changu, kolekole wadogo na wa kati, hongwe, chewa asiye mkubwa. Mzia pia, lakini mwekee waya mbele ya ndoana, meno yake hayasubiri. Kolekole wa kilo tatu kwenye rodi hii ni raha ambayo sijui niieleze vipi. Anakimbia, rodi inapinda mpaka kwenye mpini, breki ya rili inalia, na ule ulaini wa katikati unameza kila mshtuko.

Taa ni habari nyingine. Taa mkubwa hujibandika kwenye mchanga kama sahani yenye maji. Rodi yangu ya kwanza ilikufa kwa taa. Nilishamchosha, yupo chini ya ukuta, nikataka kumpandisha kwa rodi peke yake. Nikaiinua mpaka ikawa wima, ncha imepinda kuelekea chini kwa samaki. Ilivunjika sentimita 40 kutoka nchani, kwa mlio mkavu kama wa kuni. Rodi ikiwa wima hivyo, mzigo wote unakaa kwenye ule wembamba wa juu, na lile tumbo lenye nguvu halifanyi kazi. Usiipandishe kupita pembe mraba na mshipi, na samaki aliyefika karibu mchukue kwa wavu wenye mpini mrefu, au shuka majini. Kwa taa, angalia mwiba wa mkia kabla ya kitu kingine chochote.

Niweke mshipi na rili gani?

Mshipi wa nailoni wa milimita 0.35 unatosha. Mbele yake funga kipande kinene cha kupokea mshtuko wa kurusha, chenye urefu wa rodi mara mbili. Hesabu ratili 10 za nguvu kwa kila wakia ya chubwi, kwa hiyo chubwi ya wakia 3 inataka kipande cha ratili 30. Ukikiacha, siku moja mshipi utakatika katikati ya kurusha, na chubwi ya gramu 85 inayoruka hovyo inaweza kumuua mtu. Raskazone jioni watoto wanaogelea. Tazama nyuma na mbele kila mara.

Rili iwe ya ukubwa wa kati yenye breki laini. Mshipi wa kusuka unasikia vizuri lakini unakata pete za bei rahisi. Kama pete zako si kauri, uache.

Naitunzaje na chumvi hii?

Maji yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo, kabla hujaoga wewe. Yamwagie taratibu kwa kopo. Presha ya mpira huisukuma chumvi ndani zaidi. Toa rili, osha skrubu za kiti, pitisha kitambaa cha kanga kuukuu kwenye kila mguu wa pete, kisha iache ikauke kivulini vipande vikiwa vimetenganishwa. Usiirudishe kwenye mfuko ikiwa na unyevu. Nimeona rodi ya mwaka mmoja yenye pete nyeupe kabisa, na ya miezi mitatu iliyooza. Zote zilitoka duka moja.

Ni kweli kaboni inavuta umeme?

Inapitisha umeme, ndiyo. Usipite na rodi iliyounganishwa chini ya nyaya za umeme, na radi ikianza wakati wa masika ilaze chini uondoke ufukweni. Hili si la kujaribu.

Nahitaji kibali?

Uliza ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla hujarusha. Uvuvi wetu unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na pwani ya kusini mwa mji, kuelekea Mwambani na Tongoni, kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, yenye taratibu zake. Salimia pia wazee wa mwalo. Mahali unapoona ni ufukwe mtupu, mtu ana dema lake chini, na chubwi yako ikinasa humo umemharibia riziki.

Naweza kununua iliyotumika?

Naam, na mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei ya chini. Ila pitisha kucha yako polepole kwenye mwili wote wa rodi. Mahali ilipogongwa, kucha inaruka kidogo, na rangi ina nyufa nyeupe kama za kikombe cha udongo. Hapo ndipo itakapokatika. Kwa rodi yenye alama hiyo usitoe hata shilingi.

Pete imevunjika. Nifanyeje hapa Tanga?

Usiitupe rodi. Pete za kubadilisha huagizwa kwa ukubwa wa milimita, kwa hiyo pima ile ya zamani upana wa nje na urefu wa miguu kabla hujaikata. Kata nyuzi kwa wembe juu ya mguu wa chuma, kamwe si juu ya kaboni. Safisha kwa spiriti. Shika pete mpya kwa gundi kidogo, izungushie uzi mwembamba wa nailoni uliobana, mzunguko kwa mzunguko bila kupandana. Paka gundi ya kuchanganya sehemu mbili na uizungushe rodi polepole mkononi kwa nusu saa, ili isichuruzike upande mmoja. Ile pete yangu ya tatu niliifunga hivyo mwenyewe barazani, na mpaka leo ndiyo isiyo na doa la kutu.